Bima ya nyumba: Mkataba usomwe kabla ya dhoruba

WAKAZI wa Iguhu, Kaunti ya Kakamega, huishi katika eneo lenye mvua nyingi, radi na mvua ya mawe. Upepo unapoezua mabati, asiye na bima hubeba hasara yote.

Hata aliye na bima yampasa kuuliza: je, dhoruba na mafuriko yametajwa katika mkataba? Je, thamani iliyoandikwa ni kamili? Nyumba ya Sh1 milioni ikikatiwa bima ya Sh500,000, hasara ya Sh200,000 kwa kawaida hufidiwa Sh100,000 pekee.

Kabla ya masika ya Machi hadi Mei, mbao za paa zifungwe imara ukutani, matawi yapunguzwe, mitaro izibuliwe na nyumba ipigwe picha. Maafa yakitokea, kampuni ya bima iarifiwe mara moja.