Hesabu Anayoihitaji Mwalimu Peke Yake

Mpe mtoto wa darasa la sita namba mbili, 0.35 na 0.8, umuulize ipi kubwa. Wapo watakaochagua 0.35 kwa kuwa 35 inaizidi 8. Karani wa benki ataliona kosa hilo papo hapo, na mhandisi vilevile. Lakini wapo watoto wengine watakaojibu 0.8, wakapata vema na kupita, ilhali nao wamekosea kwa namna nyingine. Wamesikia kwamba sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, wakahitimisha kuwa desimali yenye tarakimu nyingi lazima iwe ndogo. Waulize kati ya 0.45 na 0.3 ipi kubwa, watakwambia ni 0.3.

Mwalimu asiyelijua hilo atatoa zoezi la kulinganisha 0.35 na 0.62, au 0.47 na 0.19, namba zenye urefu sawa. Makundi yote mawili yatapata kumi kwa kumi, naye atafunga madaftari akiamini somo limeeleweka. Watafiti Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walitumia miaka mingi kuyachambua makosa haya ya desimali. Chombo walichokitumia ni orodha fupi ya jozi za namba, zilizopangwa hivi kwamba majibu ya mtoto yanafichua jinsi anavyofikiri. Kuzichagua jozi hizo ni kazi ya hesabu hasa. Mhandisi anaweza kustaafu bila kuihitaji, lakini mwalimu anaihitaji kila wiki.

Utafiti juu ya elimu ya walimu wa hesabu na sayansi umekuwa ukilichimba jambo hili kwa zaidi ya miaka 40, na ningependa wanaopanga mafunzo ya walimu wetu walichukulie kwa uzito kuliko wanavyolichukulia sasa. Imani ya zamani ilikuwa nyepesi: anayejua somo sana atalifundisha vizuri, kwa hiyo mwalimu aongezewe kozi za juu za chuo kikuu. Katika miaka ya 1970 Edward Begle wa Marekani, mwanahisabati aliyeongoza mageuzi makubwa ya mtaala wa hesabu nchini mwake, alizipitia tafiti zilizokuwapo ili aone kama wanafunzi wa walimu waliosoma kozi nyingi za juu walifanya vizuri zaidi. Uhusiano alioukuta ulikuwa hafifu mno. Wengine wakaichukua habari hiyo kama ruhusa ya kusema kwamba mwalimu hahitaji kulijua somo lake kwa kina, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Swali lilipaswa kuwa: mwalimu anahitaji kulijua somo kwa namna gani?

Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyelipa swali hilo umbo, katika makala yake ya mwaka 1986. Alisema kwamba kati ya kulijua somo na kujua mbinu za kufundisha kwa jumla, kuna maarifa ya tatu ambayo ni mali ya mwalimu: mifano inayofungua mada fulani, michoro inayosaidia na ile inayopotosha, mambo yanayoifanya mada iwe ngumu, na mawazo ambayo watoto huja nayo darasani kabla hawajafundishwa. Deborah Ball na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaenda hatua nyingine, wakatunga mitihani ya kuyapima maarifa hayo. Katika mitihani yao mwalimu haulizwi jibu la kuzidisha. Anaonyeshwa njia ambayo mwanafunzi ameibuni mwenyewe, kisha anaulizwa kama njia hiyo itafaa kwa namba zote au imefaulu kwa bahati. Mwaka 2005 Heather Hill, Brian Rowan na Ball walichapisha matokeo ya madarasa ya kwanza na ya tatu nchini Marekani: watoto waliofundishwa na walimu waliofanya vizuri katika mitihani hiyo walipiga hatua kubwa zaidi katika hesabu. Hata darasa la kwanza, wanakojifunza kuhesabu na kujumlisha, tofauti ilionekana.

Utafiti ambao ningemtaka kila mkufunzi wa chuo cha ualimu aujue ni ule wa Liping Ma, uliotoka kama kitabu mwaka 1999. Ma alianza kufundisha shule ya msingi kijijini China akiwa kijana, baadaye akasomea Marekani. Aliwauliza walimu 23 wa Marekani na 72 wa China maswali yaleyale. Moja lilikuwa hili: gawanya moja na robo tatu kwa nusu, kisha tunga hadithi ambayo hesabu hiyo ndiyo jibu lake. Walimu wote wa China walipata jibu, tatu na nusu. Kwa Wamarekani, hawakufika nusu. Kwenye hadithi pengo lilikuwa pana zaidi: Wachina 65 kati ya 72 walitunga hadithi inayofaa, na Mmarekani mmoja tu. Ajabu ni kwamba Wamarekani ndio waliokuwa na shahada. Wengi wa Wachina hao walikuwa wamekwenda chuo cha ualimu baada ya miaka tisa hivi ya shule.

Jaribu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma. Wengi hutunga hadithi ya mikate iliyogawanywa kwa watu wawili, na hapo wamekwisha potea, maana kugawanya kwa wawili si kugawanya kwa nusu. Hadithi inayofaa ni ya muuza duka mwenye kilo moja na robo tatu ya mchele, anayeupima katika vifuko vya nusu kilo: atajaza vifuko vitatu, na cha nne kitafika nusu. Iko nyingine ya aina tofauti kabisa. Trekta limelima ekari moja na robo tatu, nayo ni nusu ya shamba. Shamba zima ni ekari ngapi? Jibu ni lilelile tatu na nusu, lakini maana ya kugawanya imebadilika, na mwalimu mwenye hadithi zote mbili anaweza kumweleza mtoto kwa nini ile kanuni ya kugeuza namba ya pili juu chini na kuzidisha inafanya kazi. Mwenye kanuni peke yake hana la kumwambia mtoto zaidi ya "ndivyo inavyofanywa".

Ma alipochunguza walimu wa China waliyapata wapi maarifa hayo, aligundua kwamba chuo hakikuwapa yote. Waliyapata kazini, kwa kukaa pamoja na kukisoma kitabu cha kiada mstari kwa mstari, kwa kuhudhuria vipindi vya wenzao, na kwa kubishana juu ya mfano upi utangulie.

Upande wa sayansi kuna ushahidi unaofanana na huo. Mwaka 2013 Philip Sadler wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha walimu wa sayansi 181 na wanafunzi wao zaidi ya 9,000. Walimu walipewa mtihani uleule wa wanafunzi, wa kuchagua jibu, wakatakiwa kufanya mambo mawili katika kila swali: wachague jibu sahihi, halafu wataje jibu la makosa ambalo wanafunzi wengi wangelichagua. Kwenye maswali yenye mtego unaowanasa wengi, wanafunzi walionufaika zaidi ni wale ambao mwalimu wao aliyajua yote mawili. Kulijua jibu sahihi peke yake hakukutosha.

Mtego hubadilika kwa kufuata nchi, na hapa utafiti wa kigeni hautoshi. Chukua swali la kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi. Ulaya na Marekani watu wazima wengi hujibu kwamba Dunia husogea karibu na Jua kisha ikaenda mbali, na mwalimu wa huko ana hoja ya kulivunja wazo hilo: Dunia huwa karibu zaidi na Jua mapema Januari, kilomita milioni 147 hivi, wakati kwao ni kipupwe. Mwalimu wa Dar es Salaam akiitumia hoja hiyo atajichimbia shimo. Januari kwetu pwani ni kaskazi, jasho linatutoka, na Julai, Dunia ikiwa mbali kwa kilomita milioni 152 hivi, ndio mwezi wa ubaridi. Kwa mtoto wa pwani wazo potofu linathibitishwa na mwili wake mwenyewe. Mwalimu huyu anahitaji silaha nyingine. Asimike mti wima uwanjani, awaonyeshe wanafunzi kwamba saa sita mchana mwezi wa Juni kivuli huelekea kusini na Desemba huelekea kaskazini. Halafu awaulize: kama umbali ndio sababu, iweje Januari hiyohiyo theluji inaanguka London? Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya London hakiwezi kumpa somo hilo. Linapaswa kutafitiwa na kuandikwa hapa.

Na sisi tuna kisa kinachojulikana na wanafizikia duniani kote, ingawa ni nadra kukisikia kikitumiwa kuwafunza walimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa shule ya sekondari Magamba, aliingiza kwenye friji mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na wenzake wakalifanya jibu hilo utani. Kisha Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja shuleni kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akamwuliza swali lilelile. Osborne naye hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi chuoni majaribio yakafanywa. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama maji ya moto huganda upesi kweli, na katika hali zipi. Kwa mkufunzi wa walimu, jambo kubwa ni kwamba wale waliomkatiza Mpemba hawakukosa fizikia. Kanuni za kupoa walizijua na ndizo walizozitetea. Walichokosa ni uzoefu wa kuligeuza dai la mwanafunzi kuwa jaribio. Stadi hiyo hujifunzwa, na kwa hiyo hufundishika.

Je, hufundishwaje? Kenya ilianza mapema. Mwaka 1998 Wizara ya Elimu ya huko na shirika la JICA la Japani walianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hesabu na sayansi sekondari, kwanza katika wilaya tisa, baadaye nchi nzima. Kituo chake, ambacho leo ni CEMASTEA, kiko Karen, Nairobi. Falsafa yake ilikuwa njema: somo lijengwe juu ya shughuli na majaribio, mwanafunzi awe katikati, vifaa vitengenezwe kwa vitu vilivyopo, na mwalimu apange, atende, atazame, aboreshe. Mafunzo yalishushwa kwa ngazi: wa taifa wawafunze wa wilaya, nao wawafunze walimu. Mfumo huo ni rahisi kuusimamia na hufikia watu wengi, lakini maarifa ninayoyaeleza hapa hushuka kama uji unaoongezwa maji kila anapokuja mgeni. Kanuni zinafika shuleni. Ule mjadala wa kina juu ya kosa moja la mtoto mmoja unabaki juu.

Wajapani wenyewe, kwao, hawategemei ngazi. Walimu wa shule moja huandaa somo moja pamoja kwa majuma kadhaa, mmoja wao hulifundisha, na wengine husimama darasani wakiwatazama wanafunzi na madaftari yao kuliko kumtazama mwenzao. Jioni hukaa kulijadili. Kwa Tanzania Bara, MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, umeziweka jumuiya za ujifunzaji shuleni, na hiyo ni nafasi ya kweli ya kufanya kazi ya namna hii. Wasiwasi wangu ni kwamba vikao hivyo vinaweza kuliwa na matangazo, takwimu na maelekezo. Jumuiya ikikaa bila daftari la mwanafunzi mezani, ni kikao cha kawaida.

Najua pingamizi: darasa lina wanafunzi 80 au zaidi, nani atachunguza fikra za kila mmoja? Lakini makosa ya watoto 80 hayako aina 80. Yako matatu, manne, na hujirudia kila mwaka. Darasa kubwa ndilo hasa linalomtaka mwalimu ayajue mapema. Lugha ni mzigo mzito zaidi. Mtoto aliyesoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi huingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu ni Kiingereza. Jill Adler wa Afrika Kusini ameeleza vizuri jinsi mwalimu wa darasa la namna hiyo anavyovutwa huku na huku: akitumia lugha ya mtoto, mtoto anafikiri, akitumia lugha ya mtihani, mtoto anaizoea. Walimu wetu wanalitatua hilo kila siku kwa kuchanganya lugha, wakati mwingine kwa hofu ya kuonekana. Vyuo vingepaswa kulifanyia mazoezi hadharani: lini umwache mtoto aeleze kwa Kiswahili, na kwa hatua zipi umvushe.

Ningeanza na kitu kidogo kisichohitaji bajeti. Andalio la somo la Kijapani huwa na nafasi ya kuandika majibu ambayo mwalimu anategemea kuyasikia, yaliyo sahihi na ya makosa, pamoja na atakachofanya kila moja likitokea. Andalio letu lina shughuli za mwalimu na shughuli za mwanafunzi. Liongezwe safu hiyo moja. Mwalimu tarajali anayekwenda mazoezi ya kufundisha aijaze kwa kila somo, mkufunzi anayemtembelea aanzie hapo kuuliza, na mitihani ya vyuo iwe na angalau swali moja lenye kazi ya mtoto iliyokosewa, likimtaka mtahiniwa aeleze mtoto alifikirije na aandike swali litakalofuata kumuuliza. Safu zilizojazwa zihifadhiwe shuleni. Baada ya miaka michache zitakuwa data ambayo watafiti wetu hawajawahi kuwa nayo: jinsi watoto wa Kondoa, Pemba na Mbinga wanavyofikiri kuhusu sehemu, nguvu na joto.