Nesi Aliyepona Akirudi Zamu

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba ni Marburg. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Wawili walikuwa watumishi wa afya: mmoja alifariki, mwenzake akapona. Taarifa za milipuko huishia kwenye safu hiyo ya waliopona.

Kutoka hapa kwetu Kilwa Masoko, Bukoba ni pembe nyingine kabisa ya nchi. Lakini UVIKO-19 ulipopita ulifika kila mwambao, na wodi ni wodi. Mgonjwa wa kawaida akibanwa na kifua humsikiliza daktari na kumwomba Mungu. Nesi aliyelazwa anakitazama kipimo cha oksijeni kilichobana kidole chake, anaona asilimia 86, wala hahitaji kuelezwa. Anajua mitungi ya oksijeni imebaki mingapi, anajua nani yuko zamu ya usiku, na anamkumbuka aliyelalia kitanda hicho kabla yake.

Huko Hong Kong, mwaka mmoja baada ya mlipuko wa SARS wa 2003, watafiti waliwakuta watumishi wa afya waliougua wakiwa na msongo mkubwa kuliko wagonjwa wengine waliopona. Utaalamu haukuwakinga.

Ubongo hushikanisha hatari na vitu vilivyokuwepo wakati huo: harufu ya klorini, mlio wa mashine. Harufu ikirudi, adrenalini inamwagika na moyo unakwenda mbio kabla hata mtu hajafikiri. Mvuvi aliyenusurika kuzama anaweza kukaa nchi kavu msimu mzima. Nesi amepangwa Jumatatu, wodi ileile. Kurudi kwenyewe si kubaya. Hofu hupungua pale ubongo unapokutana na harufu ile mara nyingi na baya lisitokee. Ila glavu zikiwa zimekwisha stoo, ubongo unaoogopa haujakosea, na hakuna semina ya ustahimilivu itakayoushawishi vinginevyo.

Ndiyo maana hotuba za kuwaita manesi mashujaa hunichosha. Uchunguzi wa watumishi 769 wa hospitali za Toronto na Hamilton, Kanada, uliofanywa kati ya miezi 13 na 26 baada ya SARS, uliwakuta wa hospitali zilizopokea wagonjwa wa SARS wamechoka zaidi kazini. Waliohisi kwamba walipewa mafunzo ya kutosha na kuungwa mkono walikuwa na nafuu. Mambo hayo mawili yako mikononi mwa mwajiri.

Kwa huku kwetu maana yake ni ratiba ya zamu. Aliyepona aanze mchana, na mwenzake, tena kwa wiki kadhaa, kabla ya kuachiwa wodi peke yake usiku. Kwenye hospitali ya wilaya, Kinyonga, pale Kivinje, hilo linapangika. Kwenye zahanati ya kijijini yenye watumishi wawili, mmoja akipumzishwa, aliyebaki anazalisha, anachoma sindano, anagawa dawa, na usiku wa manane anagongewa mlango nyumbani.