Goti likiumia ajalini: Namna ya kudai fidia

ABIRIA aliyeketi kiti cha mbele cha matatu huwa katika hatari kubwa ya kugonga goti gari linapogongana na jingine. Wengi huondoka wakichechemea, wakimshukuru Mungu kwamba hawakuvunjika, kisha hurejea nyumbani kukanda kwa maji moto. Hapo ndipo fidia inapoanza kuwaponyoka.

Mahakamani, goti ni kiungo chenye utata. Pia ya goti ikipasuka, picha ya eksirei huonyesha wazi na kampuni ya bima huwa haina la kubisha. Lakini kano zilizokatika au gegedu iliyochanika hazionekani katika eksirei. Mawakili wa bima huyaita majeraha ya nyama tu, na kiasi cha malipo hushuka mno. Ndiposa ni muhimu kumwona daktari wa mifupa mapema na, iwapo uwezo upo, kupigwa picha ya MRI.

Ajali yafaa kuripotiwa katika kituo cha polisi, nawe upewe abstrakti pamoja na fomu ya P3 itakayojazwa na daktari. Hifadhi kila stakabadhi, hata ya kununua mikongojo. Gharama ulizotumia hulipwa tu zikitajwa katika madai na kuthibitishwa. Ahadi ya mdomo haitoshi. Uchungu na kupungukiwa na uwezo wa kufanya kazi hukadiriwa na hakimu kwa kulinganisha na kesi za awali zenye majeraha sawa.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba fidia hutolewa mara moja. Goti likizorota miaka mitano baadaye na kuhitaji upasuaji, huwezi kurudi kortini kuomba nyongeza. Gharama hiyo ya siku zijazo sharti iandikwe katika madai tangu mwanzo, ikiungwa mkono na ripoti ya daktari.

Kesi hufunguliwa katika muda wa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Ikiwa aliyekugonga alikuwa akiendesha gari la Serikali Kuu akiwa kazini, muda wa kuishtaki Serikali ni miezi 12 pekee. Kampuni ya bima nayo lazima ipewe notisi ya kesi, la sivyo yaweza kukwepa kulipa. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, kampuni hulazimika kumlipa mtu mmoja hadi Sh3 milioni. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari.

Mwathiriwa akipatikana na lawama, tuseme alivuka barabara pasipo kuangalia, fidia hukatwa kwa kadiri ya kosa lake.

Wapo pia madalali wanaorandaranda wodini wakiwa na karatasi za kutiwa sahihi. Ukitia sahihi ile ya kukubali malipo kamili kabla ya daktari kusema goti limefikia wapi, huenda madai yako yakaishia pale pale kitandani.