Fumbo Barabarani: Maandishi ya Daladala Mjini Bariadi

Maandishi ya daladala aghalabu huchukuliwa kuwa mapambo tu. Makala hii inafafanua kuwa ni usemi wenye msemaji, mlengwa na muktadha, na kwamba maana yake hutegemea pia sehemu ya gari yalipoandikwa.

Msemaji huyo alipata nafasi pale gari la abiria lilipokuwa mali ya mtu. Mwaka 1983 serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria jijini Dar es Salaam, kazi iliyokuwa ya shirika la umma, UDA. Kama lilivyo jina la kanga, maandishi ya gari humsema mtu bila kumtaja. Methali "Usione vyaelea, vimeundwa" inatokana na uundaji wa vyombo vya baharini. Ikiandikwa kwenye daladala, chombo kinachosifiwa huwa gari lenyewe, na kinachodokezwa ni jasho la mmiliki. Jirani akijihisi kusemwa, mmiliki aweza kukana: hiyo ni methali tu. Aidha, kioo cha mbele husomwa na abiria anayesubiri, ilhali cha nyuma husomwa na aliyepitwa. Methali ileile mbele hujinadi kwa mteja. Nyuma humkebehi mshindani.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na wenyeji wake wengi ni Wasukuma. Hapo fumbo hukuta hadhira iliyozoea kejeli za hadharani. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, kila kimoja kikivuta watazamaji huku kikimtupia mwenzake vijembe. Stendi nayo ni uwanja wa kugombea watu. Ulinganisho huu hauthibitishi kuwa maandishi yametokana na ngoma. Unaonyesha kuwa msomaji ana mazoea ya kuyafumbua.

Uteuzi wa lugha nao huchagua mlengwa. Kiswahili humfikia msafiri yeyote. Neno la Kisukuma kama "wabeja", yaani asante, humfikia kwanza mwenyeji na kumtambulisha mmiliki kuwa wa nyumbani.

Maandishi haya hayadumu: gari likiuzwa, mmiliki mpya aweza kuyafuta. Mtafiti anayeorodhesha maneno pekee, bila kubainisha lugha, mahali yalipokaa na njia ambayo gari hupita, atahifadhi methali na kupoteza tendo la kuisema.