Mlinganyo wa Mstari Mnyoofu na Maji ya Mkanda, Lamu

Katika mijadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba maarifa ya sayansi, hisabati hutajwa mara nyingi kuwa ngome isiyoingilika. Nchini Kenya, mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa grafu ya mstari mnyoofu kwa Kiingereza. Hata hivyo, katika visiwa vya Lamu, uhusiano unaochorwa na mstari huo ni jambo la kila siku kwa manahodha, nao huuzungumza kwa Kiswahili. Makala haya yanaueleza mlinganyo huo kwa mfano wa maji kujaa.

Chombo kitokacho Lamu kwenda Pate kwa njia ya ndani hupitia mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mkondo huo una kina kidogo. Maji yakipwa, chombo hukwama na abiria hawana budi kungoja. Nahodha basi sharti ajue maji yatajaa saa ngapi siku ya safari. Kanuni ni kwamba kila siku maji huchelewa kujaa kwa takriban dakika 50, yaani sehemu 5 kati ya 6 za saa. Sababu ni kwamba mwezi nao husonga katika mzunguko wake, na dunia huhitaji muda huo wa ziada ili mahali palepale paelekeane nao tena.

Ichukuliwe kwamba leo maji yamejaa saa kumi alfajiri. Herufi x iwe idadi ya siku zitakazopita, na y iwe saa ya kujaa, ikihesabiwa tangu saa kumi na mbili jioni iliyotangulia. Mlinganyo utakuwa:

y = (5/6)x + 10

Ili kuuchora, hutafutwa nukta chache. Siku ya 0, y ni 10. Siku ya 3, y ni 12.5, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku ya 6, y ni 15, yaani saa tatu asubuhi. Siku huwekwa kwenye mhimili wa mlalo na saa kwenye mhimili wa wima, kisha nukta (0, 10), (3, 12.5) na (6, 15) huunganishwa kwa rula. Nukta mbili zinatosha kuupata mstari; ya tatu huhakiki kazi.

Kila sehemu ya mlinganyo ina maana yake. Namba 10 ni mahali mstari unapoukata mhimili wa wima: ndipo hesabu inapoanzia. Sehemu 5/6 ni mteremko, yaani kadiri y inavyoongezeka kila x inapoongezeka kwa 1. Kwa kuwa kadiri hiyo haibadiliki, mstari haupindi. Aidha, baada ya siku 14 na nusu hivi, y huwa imeongezeka kwa saa 12, na maji hujaa tena saa kumi, safari hii jioni. Ndiyo maana bamvua hurudi katika saa zilezile.

Ikumbukwe kwamba mstari huu ni wastani. Wakati wa bamvua ucheleweshaji hupungua chini ya dakika 50. Wakati wa maji mafu huzidi. Nukta za maji halisi huyumba kandokando ya mstari, na nahodha mzoefu huujua myumbo huo pia.

Vitabu vya hisabati vya shule za msingi Tanzania huziita namba mbili zinazoonyesha mahali pa nukta jira. Katika lugha ya mabaharia, majira ni wakati, na pia ni njia ya chombo baharini. Grafu hii ina yote mawili. Kwa hiyo mtoto wa Lamu anapoelezwa mstari mnyoofu kwa Kiswahili, hapewi maarifa mageni katika msamiati wa kubuni, bali huonyeshwa kwa rula na karatasi jambo ambalo wazee wake hulitegemea kila wanapong'oa nanga.