Ganzi ya Gego la Mwisho

Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alikaa siku nne shavu limevimba, asikubali kwenda kwa mganga wa meno. «Mwalimu, sindano haitashika,» akaniambia. Kaka yake alikuwa amelia kitini pale alipong'olewa gego kama hilo.

Wasomaji wapenzi, kaka yule hakusema uongo. Magego ya mwisho huota kati ya miaka 17 na 25, nayo mara nyingi hukosa nafasi tayani; ufizi huvimba, na usaha huingia. Nyama yenye usaha ina asidi nyingi, na asidi hiyo huzuia dawa ya ganzi isipenye katika mishipa ya fahamu. Hakuna dawa iepukayo shida hiyo kabisa. (Tunamwomba Mtakatifu Apolonia atuombee tukiumwa meno, na ni vema, lakini tusimwombe huku tukikawia nyumbani.)

Dawa zenyewe hazifanani. Zamani ilikuwa kokaini, ambayo Carl Koller aliionyesha mjini Vienna mwaka 1884, kwanza kwa ajili ya macho. Ilizuia maumivu, bali ilifanya watu watumwa wake. Lidokaini, iliyotengenezwa na Msweden Nils Löfgren mwaka 1943, hushika upesi, na hata leo hutumiwa kuliko nyingine. Artikaini hupenya mfupa vizuri zaidi, tena mwili huivunja upesi. Lakini ikichomwa nyuma ya taya la chini, penye mshipa mkubwa wa fahamu, haishindi lidokaini kwa mengi. Bupivakaini hushika polepole, ila mdomo waweza kufa ganzi saa nane au zaidi. Yafaa kwa maumivu ya usiku wa kwanza. Haifai kwa watoto wadogo, maana hujitafuna midomo wasijue.

Mara nyingi huchanganywa na adrenalini, ibanayo mishipa ya damu ili ganzi idumu na damu ipungue. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo amwambie mganga kabla ya sindano.

Kijana wetu alikwenda siku ya tano. Mganga alitoa usaha kwanza, akampa dawa, akamwambia arudi. Aliporudi, lidokaini ilishika: alisikia kusukumwa, hakusikia uchungu. Kesho yake alikuja darasani, akaomba tu asiitwe kusoma kwa sauti.