Taa ya pikipiki inayozima na kuwaka, usiizoee

Ukipita kijiwe cha bodaboda jioni, muda ule giza linaanza kuingia, hukosi kumuona dereva anayeipiga kofi taa ya mbele ya pikipiki yake. Taa inawaka, anapakia abiria, anaondoka. Wenzake hawashangai, maana wengi wao wamewahi kufanya hivyo hivyo.

Kwa mwandishi wa habari za afya, kofi lile linafanana na kidonge cha kutuliza homa ambayo hakuna aliyeipima. Taa iliyokufa kabisa ina nafuu, kwa sababu mwenyewe anajua pikipiki haiwezi kazi ya usiku na ataiegesha. Inayozima na kurudi ndiyo mbaya. Kila ikirudi, dereva anaamini imepona, na mkewe nyumbani haambiwi kitu.

Tupige hesabu kidogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Taa ikizima kwa sekunde mbili, dereva amekwenda mita 28 bila kuona mbele. Jicho nalo halizoei giza papo hapo. Linahitaji dakika kadhaa kuanza kuona vizuri, na linaweza kuchukua hadi nusu saa kuzoea kabisa. Katika sekunde hizo mbili, shimo, mbuzi au mtoto anayevuka vyote ni giza tupu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Madereva wengi wa bodaboda wako ndani ya umri huo, na watoto wa shule wanaowapakia pia.

Inazima wakati gani?

Kabla ya kununua chochote, jibu swali hilo. Inazima kwenye matuta? Ukikata kona? Baada ya kutembea dakika 20, injini ikishapata moto? Siku za mvua? Ukitoka fulu kwenda dimu? Na inapozima, honi na indiketa zinafanya kazi?

Swali la mwisho ndilo linalookoa pesa. Kwa pikipiki ambayo taa yake kubwa inatumia betri, kila kitu kikizima kwa pamoja, achana na balbu. Angalia vichwa vya betri kama vimelegea au vimeota ukungu mweupe, kisha fyuzi na swichi ya ufunguo. Ikizima taa kubwa peke yake, tatizo liko kwenye balbu, holda yake, swichi ya usukani au nyaya zinazokwenda huko. Ikikosekana dimu tu huku fulu ipo, waya mdogo wa ndani ya balbu umekatika, au swichi imechoka.

Baadhi ya pikipiki ndogo taa yao kubwa hailishwi na betri bali na koili ya injini. Hizo hazitoi mwanga bila injini kuwaka, na zikinguruma taratibu mwanga unafifia, ukiongeza moto unapanda. Hayo ni maumbile yake, si ugonjwa. Asikuuzie mtu betri mpya kwa sababu hiyo.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda Morogoro. Mwaka jana alibadilisha balbu tatu ndani ya mwezi mmoja, na mama akawa halali mpaka asikie mngurumo wa pikipiki getini. Kila fundi aliyeiona alianza na balbu, kwa kuwa ndiyo rahisi kuuza. Wa nne hakufungua kitu. Aliiegesha kwenye stendi kubwa, akawasha taa, akazungusha usukani taratibu kutoka kushoto mwisho hadi kulia mwisho. Ilipofika kulia, taa ikazima. Akarudisha, ikawaka. Alirudia mara tano, na mara zote tano ikazima palepale.

Hapo ndipo penye siri ya kazi hii yote. Hitilafu inayokuja na kuondoka haijatambuliwa mpaka uweze kuizimisha taa kwa makusudi. Fundi asiyeweza kuizimisha mbele yako hawezi pia kukuhakikishia kuwa ameiponya.

Nyaya za taa hupita shingoni mwa usukani, na kila kona inazikunja. Baada ya muda, nyuzi za shaba zinakatika ndani kwa ndani huku plastiki ya nje ikiwa nzima. Ukiushika waya huo na kuuvuta kidogo, sehemu iliyokatika hunyumbuka kama mpira, tofauti na sehemu nyingine. Wa mdogo wangu ulikuwa mmoja, wa ethi.

Kuhusu ethi, kuna jaribio la bure. Chukua kipande cha waya safi, kiunganishe kutoka ethi ya balbu hadi bodi tupu ya chuma, pasipo rangi wala kutu, kisha tikisa pikipiki. Taa ikitulia, umeshampata mchawi. Ukifanya majaribio injini ikiwa inanguruma, fanya nje. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya chumba au banda lililofungwa inaua.

Balbu kubwa, holda ndogo

Fungua taa, chomoa holda, uiangalie. Plastiki ikiwa imebadilika kuwa ya kahawia, au vidole vya chuma vimekuwa vyeusi, palikuwa na moto mwingi. Mara nyingi chanzo ni ile tamaa ya mwanga mkali. Pikipiki nyingi ndogo zimetengenezewa balbu ya wati 35, mtu anaweka ya wati 100. Kwa umeme wa volti 12, hiyo ni kutoka ampea 3 hivi hadi zaidi ya 8, na joto kwenye maungio hupanda karibu mara nane. Holda inalainika, vidole vinalegea, taa inaanza kuzima kwenye matuta. Kuweka balbu nyingine kwenye holda iliyoungua ni kuitengenezea ya nne. Kama ni balbu ya halojeni, usiishike kioo kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huifupishia maisha.

Swichi ya usukani nayo hujaa vumbi, na mashine za kuoshea zenye presha huingiza maji humo. Isukume iwe katikati ya fulu na dimu. Ikiwaka hapo tu, isafishwe au ibadilishwe.

Mwenye mita apime betri. Ikiwa nzima na imejaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6, na ukiongeza moto hupanda kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, rektifaya inayodhibiti chaji imeharibika, nayo ndiyo inayokula balbu.

Waya uliokatika uunganishwe kwa risasi na kufunikwa vizuri, si kusokotwa na kufungwa nailoni. Fyuzi nayo isizibwe kwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Tangi la petroli liko sentimita chache tu kutoka hapo.

Hesabu ya bosi

Madereva wengi wanajua taa yao ni mbovu. Kinachowazuia ni hesabu ya siku, kwa sababu pikipiki ikilala kwa fundi, bosi bado anadai. Mmiliki anayejua taa inazima na bado anataka hesabu ya usiku ana sehemu yake katika ajali itakayotokea, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mtu kulazwa. Abiria nawe una haki ya kuangalia taa kabla ya kupanda, hasa wewe unayempeleka mjamzito hospitali usiku.

Ikizima njiani, dereva asikanyage breki ghafla. Aachie moto taratibu, abonyeze fulu kwa sababu upande huo wa balbu huenda bado mzima, awashe indiketa ya kushoto na kutoka barabarani.

Ikishatengenezwa, ijaribiwe bila abiria, jioni kabla giza halijaingia vizuri, kwenye njia yenye matuta, kwa nusu saa ili ipate moto. Kisha usukani uzungushwe kulia na kushoto, mara kumi, taa ikiwaka.